Matairi ya Delmar na Vifaranga wa Corliss

Mchagua jembe si mkulima. Ndivyo walivyosema wahenga, na sidhani kama walikuwa wameona pikapu hata moja. Walichokuwa wameona ni mtu aliyesimama pembeni ya shamba, akipima mpini huu na kuukataa, akigeuza jembe lile na kulitia dosari, huku mvua ikinyesha na kuanuka na jirani mwenye jembe butu amekwisha kupanda mistari kumi. Mtu wa namna hiyo hakosi jembe. Anachokosa ni kulima. Zama zimepita na majembe yamebadilika, lakini mtu yule hajatoweka duniani. Kwa miezi mitatu aliishi hapa kwetu Birkeland, mashariki mwa Montana, na jina lake lilikuwa Delmar Ostby.

Mtu asimdhanie Delmar uvivu. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mabega mapana na moyo mwepesi wa kumfaa jirani. Mwezi wa Januari alipata kandarasi ya kupeleka barua na vifurushi katika Barabara ya Kijito Kavu, maili thelathini na nane kutoka posta hadi ranchi ya mwisho. Mwenye kazi hiyo hutumia gari lake mwenyewe. Kabla yake alikuwapo Bibi Arvilla Moe, aliyeifanya kwa miaka thelathini na mmoja bila kukosa siku, mpaka magoti yake yalipogoma.

Siku ya kukabidhiana kazi, Bibi Arvilla alimpa Delmar beleshi lililochakaa, ramani ya mageti yote ya majirani, na maneno machache.

"Nisikilize, mwanangu. Maili ishirini na nane za mwanzo ni kokoto, hata kipofu atapita. Zile kumi za mwisho, kuanzia pale nyumbani kwangu, ni udongo mtupu. Mwezi wa nne usiku unaganda, mchana unayeyuka. Basi wewe ondoka na jalidi, baridi ya alfajiri ingali imeushika udongo. Ukipita kwangu saa moja asubuhi, utateleza kama uko sebuleni. Ukipita saa tano, chukua na blanketi."

Delmar aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye pikapu ya bibi huyo. Ilikuwa ya kijani, ya zamani kuliko ndoa ya Delmar. Matairi ya mbele yalikuwa ya aina mbili tofauti. Ya nyuma yalikuwa membamba na yalifanana, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe, siku aliyoyanunua alikuwa na bahati.

"Mama Arvilla, umepitaje kule miaka yote na matairi haya?"

"Yalikuwa yanazunguka," alijibu bibi, akaingia ndani kunywa kahawa yake.

Matairi ya Delmar mwenyewe yalikuwa kipara. Kuyabadilisha kulikuwa lazima, na hapo hakukuwa na ubishi. Ubishi ulianza alipouliza ni yapi ya kununua, kwa sababu alikwenda kuuliza mahali ambapo mtu hapaswi kuuliza kitu akiwa na haraka: meza ya kahawa ya kituo cha mafuta, ambako wazee wa Birkeland hukutana kila alfajiri na kurusha dadu kuamua nani alipie kahawa. Kwetu mtu anaweza kubadilisha kanisa na asisemwe sana. Akibadilisha aina ya matairi, atasemwa mwaka mzima.

"Chukua mapana, bwana!" alisema Burdette, mzee mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Pana linaelea juu ya tope kama bata."

"Bata anaelea majini," alisema Ike, aliyekuwa mwembamba kama matairi aliyoyapenda. "Chukua membamba. Jembamba linakata tope mpaka linagusa ardhi ngumu."

"Kwenye udongo wa Kijito Kavu? Ardhi ngumu ya kule iko Uchina!"

"Basi liache lichimbe. Litafika kabla yako wewe na bata wako."

Delmar alinunua daftari. Alichora safu: upana, urefu wa meno, uzito, kelele kwenye lami, ugumu wa kuta za tairi, na safu moja aliyoiandika "mwonekano" na kuiwekea nyota. Jioni alisoma maoni ya watu asiowajua, wa majimbo ambayo tope lake hajawahi kulikanyaga. Bethel, mkewe, alisema hajawahi kutazamwa na mume wake kama mume wake anavyozitazama picha za matairi, hata siku ya harusi.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Renata Kessel, fundi wa matairi, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa kazi na ulimi uliochongwa vizuri. Delmar aliingia gerejini kwake mara tatu kwa wiki.

"Karibu, Delmar. Leo tuko dini gani?"

"Nimeyaacha yale ya meno makubwa. Yanapiga kelele sana kwenye lami."

"Juzi ulisema kelele ni muziki."

"Juzi nilikuwa sijasoma vizuri. Sasa yale ya Ike, membamba..."

"Jumatatu ulisema yanafanana na miguu ya kuku."

"Si ndiyo tatizo lenyewe, Renata."

Renata aliweka spana chini. Alimwonyesha matairi manne yaliyopangwa ukutani, ya kawaida, ya matope na theluji, saizi ileile ya pikapu yake. "Tazama haya. Nitakufungia sasa hivi kabla kahawa yako haijapoa."

"Hayo kila mtu anayo."

"Ndiyo. Na kila mtu anafika."

Lakini Delmar alikwisha kunogewa. Februari ikaisha, Machi ikafuata, naye akaendelea na vipara vyake juu ya barabara iliyoganda kama zege, akifika kila mahali bila taabu na asilione hilo kuwa jambo la kutia daftarini. Mwanzoni mwa Aprili uamuzi ukapatikana, na ulipatikana kama maamuzi mengi ya aina hiyo yanavyopatikana: aliona picha. Yalikuwa matairi ya inchi thelathini na saba, mapana kama mapipa yaliyolazwa, yenye meno ambayo mtoto angeweza kuyapanda kama ngazi.

"Haya yataingia kwenye pikapu yako kama fahali chooni," alisema Renata yalipofika.

"Tutakata madigadi kidogo."

Renata alipiga magoti, akaingiza mkono kati ya tairi na bodi. Vidole vyake vilipita kwa shida. "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi nakuuliza swali moja tu. Tope likiingia hapa, litatokea wapi?"

"Tope lenyewe litakimbia likiyaona!" alisema Delmar, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Wakapanga kuyafunga Alhamisi, saa mbili asubuhi, gereji ikifunguliwa.

Sasa hapa kwetu majira ya kuchipua hayaletwi na maua. Yanaletwa na posta. Wiki moja ya Aprili unaingia kununua stempu na unasikia nyuma ya kaunta sauti za vifaranga, maboksi kwa maboksi yenye matundu ubavuni, wametotolewa jana katika jimbo jingine na kupakiwa pamoja na barua. Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo humtosha siku tatu bila chakula wala maji. Siku tatu, basi. Ya nne hana.

Mwaka huo boksi moja lilikuwa la Corliss Dahl, wa ranchi ya mwisho kabisa. Kicheche aliingia bandani mwake usiku mmoja wa Disemba akaua kuku wote thelathini na sita, wengine Corliss aliwalea tangu mumewe akiwa hai. Mama huyo alikaa majira yote ya baridi na kijitabu cha kuagizia vifaranga mapajani, akichagua majina kabla ya kuchagua rangi. Sasa ng'ombe wake walikuwa wanazaa, mchana na usiku, na hakuweza kuondoka hata kwa saa moja. Alimpigia Delmar mapema wiki hiyo.

"Delmar, mwanangu, wakifika niletee mbio. Taa ya joto nimeshaiwasha. Nimeiwasha tangu Jumapili kama mwendawazimu."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitawaleta kama mayai."

Dhoruba iliwachelewesha njiani. Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, simu ya Delmar ililia. Alikuwa msimamizi wa posta.

"Vifaranga wa Corliss wamefika. Mia na wawili, na hii ni siku yao ya tatu. Njoo uwachukue uende nao moja kwa moja, ardhi ingali imeganda."

Delmar alitoka nje. Nyota zilikuwa bado angani na jalidi ilikuwa nyeupe juu ya kila kitu. Alikanyaga matope ya jana uani na yakamrudishia sauti ya jiwe. Kama angeondoka wakati ule ule, na vipara vyake, angekuwa kwa Corliss saa moja asubuhi. Alilijua hilo. Nasema alilijua kwa sababu baadaye alikiri mwenyewe mbele ya watu, bila kushurutishwa.

Lakini siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Matairi yalikuwa yanamngoja, na Delmar alijiambia maneno ambayo kila mchagua jembe hujiambia: haitakuwa busara kuhatarisha viumbe wa watu kwa vifaa vibovu. Akalichukua boksi posta, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akafungulia joto, akaegesha mbele ya gereji ya Renata kusubiri saa mbili.

Renata alipokuja na kusikia vifaranga, uso ulimbadilika. "Delmar! Wewe si ulitakiwa uwe kwa Corliss sasa hivi?"

"Nifungie haraka tu. Nikiwa na haya nitapita popote, saa yoyote."

Aliyafunga haraka iwezekanavyo, boksi la vifaranga likiwa limewekwa kando ya jiko la gereji. Lakini kukata madigadi si kukata mkate. Kazi iliisha saa nne kasoro robo. Na Delmar, Mungu amsamehe, alipita kwanza mbele ya dirisha la kituo cha mafuta, polepole, ili meza ya kahawa ione. Burdette alisimama akapiga saluti. Ike alitazama jua, akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa.

Kwenye kokoto mambo yalikuwa matamu. Pikapu ilikuwa imeinuka hata Delmar aliona migongo ya ng'ombe kutoka juu. Saa nne na nusu alipita nyumbani kwa Bibi Arvilla, akapiga honi mara mbili, akaingia kwenye udongo.

Udongo wa Kijito Kavu ukikauka ni kigae, ukiganda ni chuma, ukiyeyuka hauna jina linaloandikika katika hadithi ya heshima. Haukuachi uzame ukatulia. Hung'ang'ania tairi, tabaka juu ya tabaka, ukibeba majani na mawe, mpaka tairi linanenepa. Tairi la kawaida likinenepa, donge hudondoka nyuma na safari huendelea. Matairi ya Delmar yaliponenepa, donge halikuwa na pa kudondokea. Lilijaa kati ya tairi na bodi, likashindiliwa, likashindiliwa tena. Pikapu ikaanza kunung'unika, kisha kunuka mpira ulioungua, kisha magurudumu yote manne yakakataa kabisa kuzunguka. Ilikuwa maili ya sita. Zilibaki nne.

Delmar alishuka na beleshi la Bibi Arvilla. Alichokonoa tope kutoka gurudumu la kwanza kwa robo saa, akaenda la pili, na alipomaliza la pili la kwanza lilikuwa halina nafuu yoyote, maana alipojaribu kusogea hatua tatu lilijaa upya. Simu haikuwa na mtandao. Alifikiria kulibeba boksi kwa miguu, lakini upepo wa siku ile ungewaua vifaranga kabla hajamaliza maili ya kwanza.

Akarudi ndani kuwatazama. Asubuhi walikuwa wakilia wote kwa pamoja, kelele za kuudhi. Sasa walikuwa wakilia wachache. Alifunua kifuniko akaona wengi wamesinzia, wameegemeana, na mmoja wa manjano amelala ubavu na mdomo wazi. Delmar alimchukua akamweka ndani ya shati lake, juu ya kifua. Aliogopa, na aibu ikamshika hata masikio yakawaka. Alimkumbuka Corliss na taa iliyowashwa tangu Jumapili. Akaona angeyatoa matairi yote manne, na daftari juu yake, apewe tena ile saa kumi na moja ya alfajiri.

Ndipo aliposikia injini. Haikutoka barabarani. Ilitoka malishoni, kando ya uzio wa seng'enge, ambako nyasi za mwaka jana zilikuwa bado zimeshika ardhi. Pikapu ya kijani ilikuwa inakuja taratibu, haina haraka, haisimami. Matairi yake membamba ya nyuma yalikuwa yamevishwa minyororo na kupunguzwa upepo mpaka yamebonyea. Tope lilikuwa likidondoka nyuma yake vipande vipande. Dirishani alionekana mbwa, na nyuma ya usukani Bibi Arvilla.

"Nilikuona ukipita saa nne na nusu," alisema bibi akishusha kioo. "Nikamwambia huyu mbwa, twende, tukamchimbue Delmar."

"Mama Arvilla, vifaranga wa Corliss..."

"Najua. Si ninawasikia? Walete humu, funga mlango, usije ukanipozea gari. Kemea huyo mbwa akiwanusa. Na hicho kifuani ni nini?"

"Mmoja. Sijui kama yu hai."

Bibi Arvilla alimtazama muda kidogo. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, ya haki kabisa, akayameza. "Basi mwache hapo hapo alipo. Panda."

Hapa kwetu kuna sheria isiyoandikwa: anayekaa kiti cha abiria ndiye mfungua mageti. Kutoka pale hadi kwa Corliss kwa njia ya malisho kulikuwa na mageti matano. Katika geti la kwanza Delmar alizama hadi kifundoni. Katika la pili buti la kushoto lilibaki kwenye tope na mguu ukaja peke yake. Katika la tatu alirudi na soksi moja.

"Unajua," alisema Bibi Arvilla, akiendesha kwa vidole viwili, "mimi sikuwahi kuwa na matairi mazuri. Nilikuwa na saa ya kuamshia."

"Nimesikia, mama."

"Ukichelewa, unapita kwenye nyasi. Huendi mbio, hukanyagi breki, hulitukani gari. Tope halitaki ubabe."

"Nimesikia."

"Na lile ulilofunga madigadini, lile ndilo linaitwa tairi?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Nilidhani umebeba tangi la maji." Bibi akacheka kwa mara ya kwanza, na Delmar, akiwa na soksi moja na kifaranga kifuani, akajikuta anacheka naye.

Corliss aliwaona kutoka mbali akaja mbio, mikono ina damu ya ndama aliyezaliwa muda ule ule. Hawakusalimiana. Alinawa, akaweka mbele yao bakuli la maji ya vuguvugu yenye sukari, na wote watatu wakakaa chini ya ile taa. Kifaranga mgeni hajui maji ni nini. Lazima umshike, uchovye mdomo wake, ungoje ameze, ndipo umweke chini. Wakafanya hivyo mara mia na moja. Kila aliyewekwa chini alitikisika, akasimama, akaanza kulia kama aliyedhulumiwa, na Corliss kwa kila mmoja alisema, "Haya, na wewe. Haya, na wewe."

Wa mia na wawili alikuwa kwenye shati la Delmar. Alimtoa kwa viganja viwili. Akachovya mdomo wake, hakumeza. Akachovya tena. Tone lilibaki mdomoni, likaning'inia.

"Meza, rafiki yangu," alinong'ona Delmar. "Kosa ni langu mimi, si lako."

Kifaranga akainua kichwa, akameza. Kisha akapiga chafya ndogo, akaomba tena maji. Delmar aligeuka ukutani akajifanya anatafuta buti lake, ambalo wote walijua liko geti la pili.

"Huyu nimeshampa jina," alisema Corliss, akifuta macho yake mwenyewe bila kujificha. "Anaitwa Kipara."

Pikapu ya Delmar ilibaki kule siku mbili. Tope liliganda usiku ndani ya magurudumu likawa zege, na Delmar akalivunja kwa tindo, kipande baada ya kipande, huku Burdette na Ike wakiwa wamekuja kutoa ushauri uliokinzana. Jumamosi, alfajiri, juu ya jalidi, akaitoa. Akaenda moja kwa moja gerejini kwa Renata.

"Nipe matairi," alisema.

Renata alivuta pumzi ndefu, akakaa juu ya ndoo, akijiandaa kwa saa mbili za mazungumzo. "Matairi gani, Delmar?"

"Ya mviringo."

Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wanasema walimsikia Renata akicheka. Alimfungia yale manne ya ukutani, na alipomaliza kahawa ya Delmar ilikuwa bado inatoa moshi. Matatu kati ya yale makubwa Renata aliyachukua mwenyewe. La nne Delmar alimpelekea Corliss, nalo hadi leo limelazwa nyuma ya banda lake, limejaa vumbi laini, na kuku mia na mmoja huoga ndani yake kwa zamu. Wa mia na wawili, mnene kuliko wote, haingoji zamu.

Mwaka mmoja ulipita. Asubuhi moja ya Aprili, saa kumi na moja, Burdette aliinamia meza ya kahawa. Alikuwa amenunua pikapu mpya, na alikuwa na daftari.

"Delmar, bwana, wewe ndiye uliyesoma haya mambo. Niambie kweli. Kwa Kijito Kavu, matairi gani yanafaa?"

Ike aliishikilia dadu mkononi asiirushe. Delmar alimaliza kahawa yake, akatazama dirishani, ambako jalidi ilikuwa bado nyeupe juu ya boneti za magari, na kwenye kiti cha abiria cha pikapu yake boksi lenye matundu lilikuwa likilia.

"Unatoka nyumbani saa ngapi?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alivaa kofia akatoka, na kabla Burdette hajafungua ukurasa wa kwanza taa nyekundu za pikapu zilikuwa zimeshapotelea kwenye njia ya Kijito Kavu. Mchagua jembe si mkulima.